Mkataba Uliokosa Mchunga Mbuzi

Nchi ninayotaka kuisimulia msiitafute kwenye ramani. Ramani zake zote zimefungiwa kabatini Wizarani, na kabati lenyewe linasubiri kibali cha kufunguliwa. Nitaiita Ufalme tu. Mtu akisema inafanana na nchi anayoijua, hilo ni lake na Mungu wake. Mimi nasimulia kwa moyo safi, na kabla ya kushika kalamu nimesali.

Ufalme huo ulikuwa mkubwa. Ulikuwa na bahari mbili, migodi ya fedha ng'ambo, na Mfalme mmoja, Alderiko wa Tisa, ambaye aliipenda amani kiasi kwamba alikuwa akipigana vita saba kwa wakati mmoja ili kuilinda. Mambo yote ya nchi za nje yalikuwa chini ya Wizara ya Barua za Mfalme, jengo la mawe la ghorofa tatu lenye madirisha mia mbili na mlango mmoja. Ilikuwa Wizara ya watu wacha Mungu. Kila asubuhi padre alibariki wino. Makarani walipiga magoti wakaomba wasikosee, na kwa kuwa njia ya uhakika ya kutokosea ni kutoandika, wengi wao walimaliza siku hawana dhambi.

Mkuu wa Wizara alikuwa Mheshimiwa Don Lizardo wa Montalvani, Katibu wa Barua, Mtunza Muhuri Mkubwa, Mtunza Muhuri Mdogo, na Kaimu Mtunza Muhuri wa Kati tangu mwenye muhuri huo alipofariki. Alivaa kola nyeupe iliyokunjwakunjwa, pana kama sinia la pilau, hata hakuweza kuona mikono yake ikisaini nini. Watu walisema hiyo ndiyo sababu alisaini bila upendeleo.

Wizara hiyo ilikuwa na desturi moja iliyosifiwa na mabalozi wote. Jibu la Mfalme lilipelekwa na mtu wa cheo sawasawa na yule aliyeleta barua inayojibiwa. Barua iliyoletwa na kadinali ilijibiwa kwa mkono wa kadinali, na iliyoletwa na nahodha ilirudi na nahodha. Kumtuma mkubwa zaidi kungekuwa kujidhalilisha, na kumtuma mdogo zaidi kungekuwa kutukana. Desturi hiyo iliepusha ugomvi mwingi. Mara moja tu ilikaribia kuleta vita, na hicho ndicho kisa changu.

*

Kaskazini ya Ufalme, juu milimani, kulikuwa na nchi ndogo iitwayo Orbada. Watu wake walifuga mbuzi na kutengeneza jibini. Hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee kumi na wawili, na wazee hao walikuwa na benchi moja. Mwaka mmoja walikosana na Ufalme kuhusu chemchemi ya maji iliyoko mpakani, kisha wakapatana, na wakaandika mkataba wa amani wenye vifungu saba. Kifungu cha saba kilisema kwamba mpaka mkataba usainiwe na Mfalme na kurudi Orbada, Orbada itamtoa mtu mmoja akakae kwa Mfalme kama mgeni wa heshima, na mkataba ukirudi, naye atarudi. Watu wa kawaida wangemwita mateka, lakini Wizarani hapakuwa na watu wa kawaida.

Kura ilimwangukia Tibalto Arresi, fundi wa matandiko ya farasi, kijana wa miaka ishirini na saba. Alikuwa ameoa miezi mitano tu, na mkewe Simena alikuwa mjamzito. Wazee walimwambia ni wiki tatu, zikizidi sana nne. Aliacha tandiko nusu halijashonwa, sindano bado imo ndani ya ngozi.

Mkataba wenyewe ulikuwa uletwe na mzee mmoja wa benchi, lakini aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu. Akampa mchunga mbuzi aliyekuwa akipita. Mchunga mbuzi aliufikisha mlangoni pa Wizara, akaomba stakabadhi, akaomba maji, akarudi kwa mbuzi wake.

Sasa msikilizeni Mfalme alivyokuwa mwema. Alisaini siku ya tatu. Aliandika kwa mkono wake, "Mimi, Mfalme," kama alivyoandika kwenye kila kitu, na mkataba ukateremka ghorofa ya pili upate mtu wa kuupeleka. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Wizara ilikuwa na watawala wa majimbo wanne, maaskofu tisa, majenerali kumi na wawili na mtu wa kutia saa ufunguo, lakini haikuwa na mchunga mbuzi hata mmoja.

Don Lizardo hakutaharuki. Aliunda nafasi mpya ya kazi, Mchunga Mbuzi wa Mfalme, Daraja la Pili. Tangazo likabandikwa. Mwombaji awe na Kilatini kizuri, ukoo safi wa vizazi vinne, na upanga wake mwenyewe. Waliomba watu mia tatu na sita. Alifaulu Don Fabrisio, ambaye kwa bahati tu alikuwa mpwa wa Don Lizardo. Siku ya kuapishwa aliuliza kwa unyenyekevu mbuzi anafananaje.

Lakini alipokwisha kuapishwa, akavishwa joho na mkufu, ikaonekana kwamba amekuwa mtu mkubwa mno. Hangeweza kubeba barua iliyoletwa na mchunga mbuzi asiye na mkufu. Mkataba ukawekwa kando kwa muda. Karani aliyeuweka kando alistaafu. Aliyemfuata aliuweka mahali salama zaidi, naye akafa kifo chema, akiwa amepokea sakramenti zote, ila hakusema ni mahali gani.

*

Tibalto alipewa chumba chenye kitanda, msalaba na dirisha linalotazama ua. Ua huo ulikuwa hatua arobaini na moja kwa urefu. Alikula vizuri. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Kila Jumatatu alishuka kwenye dawati la wageni kuuliza habari zake, na dawati hilo lilikuwa la karani mmoja mfupi, mwenye kikohozi, aitwaye Kresensio Pardo.

"Habari za asubuhi, Bwana Kresensio."

"Njema, Bwana Tibalto. Faili lako linashughulikiwa."

"Limefika wapi?"

"Limefika mbali."

Tibalto alisema amina, akarudi uani kuhesabu hatua.

Kresensio hakuwa mwongo. Aliambiwa mkataba uko mezani kwa Mfalme unasomwa, naye aliamini, maana hakuwa amewahi kuona kitu kikirudi kutoka kwenye meza hiyo. Siku za Jumapili alikaa na Tibalto kwenye benchi moja kanisani. Wote wawili waliomba kwamba Mfalme ajaliwe kusoma haraka.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, mgeni wa heshima aliruhusiwa kuandika nyumbani mistari kumi na miwili. Tibalto aliuliza habari za Simena, za wazee, za tandiko. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule kila mwaka: "Je, theluji imeyeyuka pale Ngazi ya Marta?" Hiyo Ngazi ya Marta ndiyo njia ya pekee ya kuingia Orbada kutoka upande wetu. Ni mapito yenye mawe kama vidato, na wakati wa baridi hufukiwa kabisa.

Wizara, ambayo husoma barua za watu kwa ajili ya usalama wao, iliushuku mstari huo. Mtu mwenye akili timamu anauliza theluji ile ile mara ngapi? Likafunguliwa faili liitwalo Theluji, wakapewa makarani watatu. Baada ya miaka sita walitoa taarifa ya awali kwamba neno theluji huenda linamaanisha theluji, ila uchunguzi unaendelea.

Majibu mwanzoni aliyaandika padre wa Orbada kwa niaba ya Simena. Mwaka wa saba yalianza kuja kwa mwandiko mwingine, mkubwa, unaopanda mlima kila mstari. "Baba, mimi ni Oriana. Mama anasema nina masikio yako. Hakusema kama ni sifa. Theluji imeyeyuka wiki ya pili baada ya Pasaka. Njia iko wazi." Mwaka uliofuata aling'oka meno mawili. Mwaka wa kumi aliandika kwamba sasa ni mkubwa, anachunga mbuzi kumi na wanne, na majani mazuri kuliko yote yako pale pale Ngazi ya Marta, kwa hiyo akija baba, yeye ndiye atakayemwona kwanza. Na theluji imeyeyuka. Njia iko wazi.

Tibalto alizijua barua hizo kwa moyo kama mtu ajuavyo sala. Alizisema kimya kimya akitembea, nazo zilitosha kwenda na kurudi.

*

Mwaka wa kumi na mmoja meza moja ya ghorofa ya tatu ilihamishwa. Ilikuwa meza nzito ya baraza, na Kresensio aliitwa kusaidia kwa sababu wahusika wa kuhamisha meza walikuwa kwenye mkutano kuhusu kuhamisha meza. Walipoinyanyua, chini ya mguu mmoja mfupi kilionekana kitu kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa ngozi ya kuandikia, na muhuri wake ulikuwa umebonyea ukawa na umbo la mguu wa meza.

Kresensio alikifungua. Alisoma vifungu saba. Alisoma "Mimi, Mfalme." Alisoma tarehe. Kisha alikaa sakafuni, na wenzake walidhani ni kikohozi.

Alimkuta Tibalto uani, hatua ya ishirini na kitu.

"Bwana Tibalto, kaa chini kwanza."

"Nimekaa miaka kumi na mmoja, ndugu yangu. Wewe sema."

Kresensio alisema yote. Hakujitetea. Tibalto alisikiliza, akauliza jambo moja tu.

"Siku ya tatu?"

"Siku ya tatu baada ya wewe kufika."

"Siku ya tatu," Tibalto alisema, "nilikuwa sijafungua mzigo wangu."

Wakaenda kanisani wote wawili kushukuru. Ndiyo, kushukuru. Walikuwa watu wa namna hiyo. Tibalto alitoka pale akaenda kukunja nguo zake, akaviweka viatu vyake vya safari mlangoni, vikielekea nje.

*

Don Lizardo alipokea habari hizo kwa utulivu wa mtu mkubwa. Aliitisha baraza, wakaomba Roho Mtakatifu awaangazie, kisha akasimama, akaiweka sawa kola yake, akatoa hotuba ambayo nakala yake ilisambazwa mpaka vijijini.

"Waheshimiwa," alisema, "itifaki imezingatiwa. Mfalme wetu hakosei. Ikiwa mkataba ulisainiwa miaka kumi na mmoja iliyopita, basi tumemshikilia mgeni miaka kumi na mmoja bila sababu. Mfalme hamshikilii mtu bila sababu. Kwa hiyo mkataba haukusainiwa. Lakini sahihi ni ya Mfalme, na Mfalme haandiki jambo lisilo kweli. Kwa hiyo mkataba ulisainiwa. Waheshimiwa, tuna kweli mbili, zote za Mfalme. Kazi yetu ni kutafuta nchi yenye nafasi ya kuzibeba."

Askofu mmoja aliuliza kama haiwezekani kumfungulia mtu huyo mlango akaenda tu. Waligeuka wote wakamtazama, naye akasema alikuwa akifikiri kwa sauti.

Baraza lilikaa siku nne, na siku ya nne likapata njia. Ufalme utatangaza vita dhidi ya Orbada. Vitakuwa vita vidogo, vya heshima, vya siku tatu. Mkataba wa zamani utakufa kwa sababu ya vita, pamoja na tarehe yake na mguu wake wa meza. Baada ya hapo utaandikwa mkataba mpya, wenye kifungu cha saba, na mgeni atarudishwa kwao kwa taratibu zote, pamoja na tarumbeta mbili. Majenerali walipendekeza mahali pazuri pa kuingilia, penye nafasi ya mizinga minne. Siku ilipangwa iwe baada ya sikukuu ya mavuno ya zabibu, watu wasiharibiwe sherehe. Katika taarifa yao waliandika kwamba madhara yatakuwa madogo sana, na yatawapata tu watakaokuwepo.

Mizinga ilibarikiwa ikapewa majina ya watakatifu.

*

Don Lizardo alimwita Tibalto ili ampe habari njema mwenyewe. Alimkaribisha kiti. Alimweleza vita hatua kwa hatua, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa kwamba dawa ni chungu lakini inaponya. Tibalto alingoja hadi mwisho.

"Mheshimiwa, mtaingilia wapi?"

"Pale penye vidato. Ngazi ya... Ngazi ya nani?"

"Marta."

"Marta. Wanasema pana majani mazuri, farasi watakula."

Tibalto aliteremka kitini akapiga magoti. Don Lizardo hakumwona kwa sababu ya kola, akaendelea kuzungumza na kiti kwa muda. Tibalto akasema kutoka chini kwamba pale pana watoto wanaochunga mbuzi, na mmoja wao ana masikio yake. Alisema yuko radhi kukaa mwaka mwingine. Alisema yuko radhi mkataba urudishwe chini ya meza.

"Haiwezekani," Don Lizardo alisema. "Meza imehamishwa."

Hata hivyo alikuwa mtu mwenye huruma, na Wizara ilikuwa na njia ya pili, ambayo haikupendelewa kwa kuwa haikuwa na tarumbeta. Alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilisema kwamba Tibalto Arresi wa Orbada, akiwa na akili zake, hakuwahi kushikiliwa na mtu yeyote. Alikuja kwa wiki tatu, akavutiwa na wema wa Mfalme, akachagua mwenyewe kukaa, na miaka yote kumi na mmoja amekaa kwa mapenzi yake, akikataa kila mara alipobembelezwa arudi kwa mke na mtoto.

"Ukisaini," Don Lizardo alieleza, "hapakuwa na mateka. Kama hapakuwa na mateka hapakuwa na kosa, na mkataba unabaki mzima. Mizinga itabaki hapa. Lakini maneno haya lazima yawe kweli daima. Siku utakayosema si kweli, kwa mdomo, kwa barua, au kwa kulia mbele za watu, tunarudi kwenye ile njia ya kwanza. Amri yake ninayo hapa mkobani, imebaki kupigwa muhuri wa kati."

Tibalto aliisoma karatasi mara tatu. Mstari wa mwisho aliusoma mara nne.

"Hapa penye kubembelezwa. Nani alinibembeleza?"

"Ni lugha ya kiofisi tu, mwanangu."

"Mke wangu ataisoma?"

"Itabandikwa."

Midomo ya Tibalto ilitikisika, na Don Lizardo aliandika pembeni kwamba mgeni alisali kwa furaha. Kisha Tibalto akachukua kalamu. Wino ulikuwa umebarikiwa asubuhi hiyo hiyo. Akasaini.

*

Kesho yake alivaa viatu vyake vya safari akaenda mlangoni. Afisa wa mlango alimsalimia kwa heshima mpya.

"Naomba kutoka," Tibalto alisema.

"Kibali cha kuondoka."

"Sina. Lakini mimi si mateka tena. Imeandikwa kwamba sikuwahi kuwa."

"Nimeisoma, hongera sana. Vibali vya kuondoka vinatolewa kwa wageni wanaoshikiliwa, wakiachiliwa. Wewe hushikiliwi. Wewe ni mtu huru, na kwa mtu huru hatuna fomu."

"Basi nipite bila fomu."

"Mlango haufunguliwi bila fomu, bwana wangu. Ukiwa huru huhitaji mlango."

Tibalto alitafakari hilo. Aliuliza je, akiomba ashikiliwe kidogo, siku moja tu, ili aachiliwe? Afisa alisikitika kwa dhati. Alisema mtu akiomba kushikiliwa ina maana hakuwa ameshikiliwa kwa miaka yote ile kwa mapenzi yake, au alikuwa, alichanganyikiwa kidogo hapo, lakini alikumbuka kwamba kuna mkoba na kuna amri ndani yake. Tibalto alirudi uani. Hatua zilikuwa arobaini na moja.

Pasaka ilipofika alipewa karatasi yake ya mistari kumi na miwili. Aliirudisha haina neno. Makarani wa faili la Theluji walipatwa na wasiwasi mkubwa.

*

Kresensio hakulala vizuri tangu siku ya meza. Akiwa kanisani alijiwa na wazo ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote Wizarani kwa miaka kumi na mmoja, nalo lilikuwa dogo hata aliona haya kulisema. Ikiwa Wizara haina mchunga mbuzi wa kuupeleka mkataba, kwa nini Orbada isilete wa kwao aje kuuchukua?

Aliandika barua. Don Lizardo aliisaini bila kuiona, kwa njia yake ya kawaida.

Mwezi wa sita alikuja mlangoni mtoto wa kike wa miaka kumi, mwenye fimbo na mbuzi mmoja mweusi. Alisema ametumwa na wazee wa Orbada kuchukua mkataba, naye ni mchunga mbuzi. Idara ya Itifaki ilitaka uthibitisho. Aliitwa Don Fabrisio, mtaalamu pekee. Alimzunguka mbuzi mara mbili akaandika kwamba, kwa kadiri ya elimu yake, huyo wa upande wa kushoto ndiye mbuzi.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi siku mbili wakijadili nani aende. Oriana alijitokeza mwenyewe. Alikuwa amekisoma kifungu cha saba. Mkataba ukirudi, naye atarudi. Alikuja na viatu vipya vya mwanamume, alivyoshona Simena kwa kukisia ukubwa.

Mlango ulifunguliwa mabawa yote mawili, kwa sababu ya sherehe. Makarani walipangwa ngazini. Tibalto aliletwa akasimamishwa ndani ya kizingiti, hatua tatu kutoka kwa mtoto, na kati yao alisimama Don Lizardo na kola yake. Oriana aliinama kidogo ili aone chini ya kola.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Tibalto alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo kwa mtoto wake.

Mkataba ulikabidhiwa. Oriana aliupokea kwa mikono miwili, akauweka ndani ya mfuko wake wa jibini, akashika viatu, akangoja. Don Lizardo akauliza kama kuna kingine.

"Baba yangu," alisema. "Kifungu cha saba."

Basi karatasi ikasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Kwamba hakushikiliwa. Kwamba alichagua. Kwamba alibembelezwa mara nyingi arudi kwa mke na mtoto, akakataa. Oriana alisikiliza bila kusogea. Mbuzi alianza kutafuna utepe wa muhuri wa kati, na hakuna aliyethubutu kumzuia, maana cheo chake hakikuwa kimeamuliwa.

"Mgeni wetu athibitishe kwa kinywa chake," Don Lizardo alisema, na mkono wake ulikuwa juu ya mkoba.

Tibalto alimtazama mwanawe. Ni kweli alikuwa na masikio yake. Nje ya mlango barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na ilikuwa hatua tatu tu.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Hapa pananifaa. Nimekaa kwa kupenda."

Kresensio alikohoa, akakohoa tena, akatolewa nje ya mstari.

Oriana alivitazama viatu vilivyo mkononi mwake. Alimtazama yule mtu mrefu mwenye mkoba, na mkono uliokuwa juu ya mkoba. Alikuwa mtoto anayechunga mbuzi mlimani, amezoea kuona mnyama anayekaa kimya kwa sababu kuna kitu nyuma ya jiwe.

"Mwaka huu hukuandika, baba," alisema taratibu. "Hukuuliza theluji."

Makarani watatu wa faili la Theluji walichomoa kalamu zao.

"Nilisahau," Tibalto alisema. "Imeyeyuka?"

"Imeyeyuka. Njia iko wazi." Aliweka viatu vile chini, kwenye kizingiti chenyewe, akavigeuza vielekee nje. "Tutaiweka wazi, baba. Hata wakati wa baridi."

Akachukua fimbo yake akaondoka na mbuzi na mkataba. Hakugeuka nyuma, na aliyemlaumu kwa hilo hajui watoto. Mlango ukafungwa, kwa kuwa sherehe ilikuwa imekwisha.

*

Nimalizie kwa mambo mema, kama ipasavyo. Amani kati ya Ufalme na Orbada ipo mpaka leo, na Don Lizardo alipewa muhuri wa nne kwa ajili yake. Faili la Theluji lilifungwa kwa maelezo kwamba mtoto alizungumzia hali ya hewa.

Tangu mwaka huo, theluji ikianguka, watu wa Orbada hutoka baada ya sala ya asubuhi wakiwa na majembe na mafagio. Simena huwa wa kwanza. Husafisha Ngazi ya Marta kidato kwa kidato mpaka mpakani, ingawa wakati wa baridi hakuna mtu apitaye. Wizara imeandika kwamba ni ishara ya urafiki wa mataifa mawili.

Kwenye ghorofa ya tatu kuna dirisha linalotazama kaskazini, pale ilipokuwa ile meza. Kila Jumatatu Kresensio humfungulia Tibalto chumba hicho. Kukiwa na mawingu hawaoni kitu. Kukitakata, mstari mwembamba mweusi huonekana ukishuka juu ya weupe wa mlima, na Tibalto husimama akiutazama mpaka miguu imuume, akiwa amevaa vile viatu, ambavyo Simena alikisia sawasawa.

Kisha Kresensio humwambia kwamba faili lake linashughulikiwa, na Tibalto husema amina.